UZI: Sanamu ya udongo ya sentimita 36 na nchi nzima nyuma yake, kisa cha Aparecida Brazil toka nyavu za 1717

Nanga Mbili (mleta uzi)

Wakuu salama? Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa mpira kuna jamaa aliuliza kwanini Wabrazil tarehe 12 Oktoba wanafunga maofisi, mmoja akamjibu ni siku ya watoto, mwingine akasema ni Columbus, mwingine akatukana tu kama kawaida yenu. Siku ya watoto kweli wanaifanya siku hiyohiyo ila mapumziko ya kitaifa yenyewe ni ya Bikira Maria wa Aparecida, msimamizi wa Brazil, na chanzo chake ni kasanamu ka udongo ambako ukikasimamisha mezani hakafiki urefu wa chupa mbili za soda.

Mimi sio padre wala frateri, ni muumini wa kawaida wa kukaa benchi la nyuma, ila kisa hiki nimekifuatilia muda mrefu na kinanikera kinavyosimuliwaga kwa ufupi, "wavuvi waliopoa sanamu wakapata samaki wengi, basi". Hapana jamani. Ukikipitia vizuri unakuta kila hatua ni watu wa chini walitangulia, wavuvi, watumwa, kina mama wa kusali rozari, halafu maaskofu na wafalme na marais wanakuja nyuma wanahema. Nitashusha kwa vipande, msinikatishe katikati.

KIPANDE CHA KWANZA

Oktoba 1717. Brazil ni koloni la Mreno, dhahabu imeshagundulika kule Minas na kila mtu anakimbilia huko. Gavana mpya wa São Paulo na Minas, Dom Pedro de Almeida, mwenye cheo cha ukabaila wa Assumar, anasafiri kutoka São Paulo kwenda kwenye migodi na njiani lazima apite Guaratinguetá, mji mdogo kwenye bonde la mto Paraíba do Sul. Sasa mnajua mkubwa akisikika anakuja wilayani inavyokuwa, barabara zinamwagiwa maji na kuku wanakimbizwa hata ambao hawajafikia umri. Viongozi wa mji wakaamuru wavuvi wote waingie mtoni walete samaki, na shida ni kwamba msimu wa samaki haukuwepo.

Wavuvi watatu majina yao yameandikwa: Domingos Garcia, João Alves na Filipe Pedroso. Wakatupa nyavu wee, mpaka wakafika sehemu inaitwa bandari ya Itaguaçu mikono mitupu. João Alves akatupa, akavuta sanamu haina kichwa. Akatupa tena mbele kidogo akavuta kichwa. Wakavihifadhi kwenye mtumbwi, wakatupa nyavu tena na hapo ndio samaki wakaja wengi mpaka wakaogopa mitumbwi itazama wakarudi nyumbani. Hayo yako kwenye kitabu cha kumbukumbu cha parokia ya Guaratinguetá yaliandikwa 1757, yaani miaka 40 tu baadaye, sio hadithi ya kutungwa juzi kuuzia watalii rozari.

Gavana akala akaendelea na safari. Huyuhuyu gavana miaka mitatu mbele, 1720, ndiye alizima maasi ya wachimba dhahabu wa Vila Rica na kumnyonga Filipe dos Santos. Leo nenda Aparecida uliza watu wangapi wanamkumbuka gavana.

Kasuku wa Tanga

Nimevuta mkeka na kahawa. Endelea mkuu

Dada Ukwaju

Hapo kwenye sanamu kuwa mtoni sijaelewa, ilifikaje? Na nani aliichonga?

Nanga Mbili

@Dada Ukwaju haikuchongwa, ni ya udongo wa kuchomwa. Wataalamu wakiangalia staili yake wanaipa karne ya 17 na wengi wanamtaja mmonaki Mbenedikto, Frei Agostinho de Jesus, ambaye alikuwa fundi wa sanamu za udongo maeneo hayo ya São Paulo. Ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, mikono imekutana kifuani, mwezi chini ya miguu. Hilo sio ajabu kwasababu mfalme wa Ureno, João wa nne, mwaka 1646 alishamfanya Mkingiwa kuwa msimamizi wa ufalme wote na makoloni yake, kwahiyo sanamu za aina hiyo zilikuwa kila nyumba yenye uwezo kidogo. Mtoni, maelezo yanayotolewa sana ni kwamba zamani sanamu takatifu ikivunjika mtu anaona vibaya kuitupa jalalani, anaizika au anaipeleka kwenye maji.

Mlokole Halisi

Kutoka 20:4. Usijifanyie sanamu ya kuchonga. Sasa hii ilikuwa IMEVUNJIKA NA IMETUPWA mtu akaiokota akaanza kuiabudu. Halafu mnatuambia ni historia

mtoto wa katekista

Mlokole nilijua utakuja nilikuwa nahesabu posti. Hakuna anayeabudu udongo, hiyo ishu ilijadiliwa mtaguso wa pili wa Nikea mwaka 787, heshima inayopewa sanamu inamwendea yule anayewakilishwa. Na hiyo Kutoka 20 soma mpaka Kutoka 25 uone makerubi wa dhahabu waliagizwa na nani.

Mlokole Halisi

787 ni mwaka sio andiko

Nanga Mbili

Wazee fungueni uzi wenu wa sanamu, nitakuja kushuhudia. Hapa tupo Brazil.

KIPANDE CHA PILI, NYUMBANI KWA MVUVI

Hii sehemu ndiyo naipenda kuliko zote na ndiyo inarukwa. Baada ya samaki, sanamu haikwenda kanisani. Filipe Pedroso aliiweka nyumbani kwake, kichwa kimeunganishwa na nta, na ikakaa kwake kama miaka 15. Jumamosi majirani wanakuja wanaimba rozari na masifu, hakuna padre, hakuna kibali cha jimbo, ni kitu kama jumuiya ndogondogo kabla hazijabuniwa. Baadaye akampa mwanae Atanásio, na huyo akajenga kajumba kadogo ka sala na altare ya mbao pale Itaguaçu. Kuna usiku mmoja inasimuliwa mishumaa ilizimika yenyewe bila upepo, mama mmoja anaitwa Silvana da Rocha akainuka kwenda kuiwasha, kabla hajafika ikawaka yenyewe. Kwenye orodha ya miujiza ya Aparecida huo ndio huwa wanauhesabu wa kwanza baada ya samaki.

Hapo ndipo paroko wa Guaratinguetá, padre José Alves Vilela, akaanza kusikia. Na kwa haki yake yule padre hakuja na fimbo, alichunguza, akaandika kwa askofu, akapata ruhusa akajenga kanisa juu ya kilima kilichoitwa Morro dos Coqueiros yaani kilima cha minazi. Likafunguliwa 26 Julai 1745. Hesabu mwenyewe: 1717 mpaka 1745, miaka 28 ibada imebebwa na wavuvi na wake zao.

Na mji ukaota kuzunguka hilo kanisa. Mahujaji wanahitaji pa kulala, chakula, mishumaa, kwato za nyumbu za kutengeneza, ndio hivyo mji unazaliwa. Jina Aparecida ni "Aliyeonekana", na mpaka leo wanawake maelfu kwa maelfu Brazil wanaitwa Aparecida, kifupi Cida.

Chai ya Rangi

Kuna hiyo ya mpanda farasi pia usiisahau

Nanga Mbili

Sijaisahau. Jamaa anatoka Cuiabá mbali huko, hana imani na anawacheka mahujaji, akasema ataingia kanisani juu ya farasi. Kwato ya farasi ikanasa kwenye jiwe la ngazi, hakuweza kuingia, akashuka akaingia kwa miguu ameshalegea. Jiwe lenye alama wanalionyesha mpaka leo. Amini usiamini, mimi nasimulia kinachosimuliwa.

Fundi Selemala

Mkuu mbona kwenye picha ni nyeusi tii? Nilidhani ni mti wa mpingo

Kasuku wa Tanga

Si mweusi mwenzetu huyo. Bibi yetu kabisa

Nanga Mbili

KIPANDE CHA TATU, WEUSI

Nilikuwa naelekea huko. Haikutengenezwa ikiwa nyeusi. Ilipotoka kwa fundi ilikuwa na rangi, ngozi ya uso, joho la bluu, kama sanamu zote za enzi hizo. Ikakaa kwenye tope la mto, rangi ikatoka, halafu ikaja moshi wa mishumaa na taa za mafuta kwa miaka na miaka pale kwa Pedroso na kwenye kile kijumba. Ndio ikabaki na hiyo rangi ya kahawia iliyokolea.

Hayo ni maelezo ya maabara. Lakini jiulize nani alikuwa anaitazama. Brazil ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliovushwa baharini kama bidhaa, hakuna nchi Amerika nzima ilipokea wengi kama hao, na ilikuwa ya mwisho Amerika kufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Wengi wametoka Angola na Kongo, na karne ya 19 Waingereza walipobana kule Atlantiki ya kaskazini wafanyabiashara wakaja mpaka Msumbiji, Quilimane na Kisiwa cha Msumbiji, wakabeba Wamakua na wenzao. @Kasuku ulikuwa unatania lakini kuna watu wa ukanda wetu huu wa Bahari ya Hindi walifika kwenye mashamba ya kahawa ya bonde hilohilo la Paraíba. Mtu kama huyo kafikishwa kanisani kasimamishwa nyuma, anainua macho anamkuta Mama wa Mungu ana rangi yake. Hakuna padre aliyehitaji kumhubiria.

Ndio maana kisa cha Zacarias kina nguvu kuliko vyote. Zacarias ni mtumwa aliyetoroka, kakamatwa, anarudishwa kwa bwana wake kafungwa minyororo. Wakapita mbele ya kanisa la Aparecida akamwomba msimamizi aliyekuwa anampeleka amruhusu asali. Akapiga magoti, minyororo ikafunguka ikaanguka chini. Wanasema ni katikati ya karne ya 19. Msimamizi akaogopa, na mwisho jamaa akaachiwa huru. Kwenye michoro ya makanisa ya Brazil utamkuta Zacarias kapiga magoti na minyororo pembeni, hakosekani.

Sasa chukua na hii. Binti mfalme Isabel, mtoto wa mfalme Dom Pedro wa pili, alikuja Aparecida 1868 na mumewe, wako kwenye ndoa miaka kadhaa hawajapata mtoto. Baadaye walipata watoto wa kiume watatu. Akarudi akatoa taji dogo la dhahabu lenye almasi. Na ni Isabel huyuhuyu ndiye aliyesaini sheria ya kufuta utumwa 1888. Mwaka uliofuata jeshi likapindua ufalme, familia nzima ikafukuzwa nchini, na sanamu ilipokuja kutawazwa rasmi kwa lile taji lake, 8 Septemba 1904, mwenyewe yuko uhamishoni Ufaransa.

Dada Ukwaju

Zacarias nimesisimka aisee

mtoto wa katekista

Na pale Aparecida baada ya Pasaka kuna sikukuu ya Mt. Benedikto Mwafrika, vikundi vya congada vinakuja na ngoma, mavazi ya rangi, njuga miguuni, na kuna aina ya vikundi vinaitwa kabisa moçambique. Nimeangalia video, ile midundo mtu wa pwani hawezi kukaa chini.

Mlokole Halisi

Minyororo inafunguliwa na jina la Yesu, Matendo 16 Paulo na Sila. Ila hiyo ya mtumwa ni kisa kizuri nakubali

mtoto wa katekista

Mlokole kakubali kitu, piga skrini shoti

Nanga Mbili

KIPANDE CHA NNE, TRENI NA WAJERUMANI

Hapa naenda mbio kidogo. Kanisa la kilimani lilichakaa wakajenga kubwa zaidi palepale, likakamilika 1888, ndilo leo wanaliita basilika ya zamani, lina minara miwili. 1877 reli ya Rio na São Paulo ilishaunganishwa na inapita hapohapo. 1894 wakaletwa mapadre Waredemptoristi kutoka Bavaria Ujerumani kusimamia mahujaji, wamefika hawajui vizuri hata Kireno, wamekuta umati unaimba nyimbo wasizozijua, na wapo mpaka leo. Ndio walioanzisha gazeti, ndio waliopanga hija za treni kuanzia 1900, ndio waliokuja kuanzisha redio mwaka 1951.

1908 Roma ikalipa kanisa hadhi ya basilika ndogo. 1928 mji ukakatwa kutoka Guaratinguetá ukawa halmashauri yake. 1930 Papa Pius wa 11 akamtangaza Bikira wa Aparecida msimamizi wa Brazil, na tarehe 31 Mei 1931 sanamu ikapandishwa treni mpaka Rio, mji mkuu wa wakati huo, Kardinali Leme akaiweka nchi chini yake mbele ya umati mkubwa na rais Getúlio Vargas kasimama hapo. Vargas! Aliyeingia kwa mapinduzi miezi michache tu nyuma. Hakuwa mtu wa kanisani huyo, ila hesabu za umati alizijua. Mwaka huohuo 12 Oktoba ndio likazinduliwa lile la Kristo juu ya mlima Rio ambalo nyie wote mnalijua, halafu hii ndogo iliyotangulia hamuijui.

Sheria ya mapumziko ya kitaifa imekuja 1980 chini ya rais Figueiredo, jenerali tena. Ndio nilichosema mwanzoni, wakubwa wanakuja nyuma.

Kasuku wa Tanga

Na hilo kanisa kubwa la picha za juu je? Linaonekana kama uwanja wa ndege

Nanga Mbili

Hilo ni jipya. Jiwe la msingi 1946, ujenzi wenyewe ukaanza 1955, mchoraji ni Benedito Calixto Neto, ramani ni msalaba wa Kigiriki yaani mikono minne sawa, kuba katikati, na matofali mekundu wameyaacha wazi bila plasta. Halikujengwa na tajiri mmoja, limejengwa kwa sadaka za mahujaji miaka na miaka, wanasali ndani huku zege linamwagwa. 1972 wakajenga daraja la waenda kwa miguu lina urefu wa karibu mita 400 linaunganisha kanisa la zamani kilimani na jipya bondeni, watu wengine wanalipita kwa magoti wakitimiza nadhiri. Yohane Paulo wa pili ndiye aliyelitabaruku, 4 Julai 1980. Sanamu yenyewe ikahamia rasmi Oktoba 1982. Wanahesabu mahujaji zaidi ya milioni 10 kwa mwaka.

Fundi Selemala

Ndio kubwa kuliko yote duniani?

Nanga Mbili

La pili baada ya Mt. Petro Roma ndivyo wenyewe wanavyosema.

Chai ya Rangi

Hapo kuna ubishi mkubwa mkuu. Yamoussoukro Ivory Coast, ile ya Houphouët-Boigny iliyotabarukiwa 1990, ukipima eneo lote nje inazidi hata Roma. Ila ukipima watu wanaoingia inabaki nyuma ya Aparecida. Moja alijenga rais kijijini kwake, nyingine wamejenga mahujaji, inajieleza.

Nanga Mbili

Umenisemea. Haya twende kwenye ile siku.

KIPANDE CHA TANO, 16 MEI 1978

Jioni, Misa ya mwisho kwenye basilika ya zamani. Kijana wa miaka 19 ametoka São José dos Campos, mwenye matatizo ya akili kwa mujibu wa walioshughulikia kesi yake, akakurupuka, akaruka mpaka kwenye sehemu iliyowekwa sanamu, akavunja kioo kwa mkono, akaichomoa. Anakimbia nayo mlinzi akamkamata, kwenye purukushani sanamu ikaanguka sakafuni. Udongo wa miaka 300 unaanguka kwenye sakafu ngumu, mnajua kinachotokea. Vipande karibu 200. Kichwa ndio kiliumia zaidi, sehemu nyingine zikawa unga kabisa. Watu wanalia, masista wamepiga magoti wanaokota vipande na unga.

Waredemptoristi wakauliza Roma, kwenye makumbusho ya Vatikani kulikuwa na mkubwa mwenye asili ya Brazil, Deoclécio Redig de Campos. Ushauri ukawa kazi ifanyike hukohuko Brazil, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la São Paulo, MASP. Mkurugenzi wake Pietro Maria Bardi akampa kazi mwanamama anaitwa Maria Helena Chartuni. Wengi walishasema haiwezekani, tengenezeni nakala tu watu watazoea. Yule mama akakaa na boksi la vipande siku 33 akaimaliza.

Fundi Selemala

Eleza hapo mkuu, mimi nafanya kazi za mbao ila udongo uliopondeka kuwa unga hauunganishwi, unajaza na nini?

Nanga Mbili

Kwa uelewa wangu ni hivi. Kwanza unapanga vipande kavukavu kujua nini kipo nini hakipo, ukianza na gundi mapema umekwisha kwasababu kosa la nusu milimita chini linakuwa pengo kubwa juu. Halafu unaunganisha kutoka kwenye kitako kupanda. Palipokosekana anafinyanga ujazo na kuupaka rangi ilingane. Usoni ndio kulikuwa na kasheshe maana vipande havikutosha, akatumia picha za zamani na nakala kurudisha sura. Na kumbuka kichwa na mwili havikuwahi kuwa kitu kimoja toka 1717, kilishaunganishwa mara kadhaa nyuma, kwahiyo shingo nayo alirithi matengenezo ya watu wengine.

Ndio maana joho lile la bluu la pembetatu na taji vina kazi zaidi ya urembo. Vinakaa juu ya shingo na mabega ambayo yamepitia mengi. Mahujaji wengi hawajawahi kuiona bila joho.

Chartuni mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu wa ibada na kazi ile ilimbadilisha. 19 Agosti 1978 sanamu ikarudishwa Aparecida kwa gari la zimamoto, watu wamejipanga barabarani kutoka São Paulo mpaka huko. Na miaka iliyofuata ni yeye aliyekuwa anaitwa kuikagua.

Dada Ukwaju

Yaani imeokotwa imevunjika, ikavunjwa tena, na wanaisafirisha na zimamoto. Na yule kijana?

Nanga Mbili

Alishughulikiwa kama mgonjwa. Jina lake lipo mitandaoni ila sioni sababu ya kuliweka hapa.

Mlokole Halisi

Swali la kweli sio ubishi. Kama ina nguvu kwanini haikujilinda?

mtoto wa katekista

Hakuna Mkatoliki aliyesema udongo una nguvu, ndio hicho tunakwambia toka mwanzo. Ungekuwa na nguvu wenyewe wasingemwita fundi.

Kasuku wa Tanga

Mimi muislamu sina upande ila jibu hilo limenyooka

Chai ya Rangi

Mtaje na ya teke basi, maana ndio iliyofanya mpaka wasio na dini waitetee

Nanga Mbili

Sawa. 12 Oktoba 1995, siku yake kabisa, mapumziko. Kwenye runinga ya Record, mali ya Edir Macedo mwanzilishi wa kanisa la Universal (wapo mpaka Kenya hao), askofu wao mmoja anaitwa Sérgio von Helder akaileta nakala ya sanamu studio akawa anaipiga mateke na ngumi huku anasema haina uwezo wowote. Ile ni nakala wakuu, original ilikuwa kwenye kioo chake Aparecida. Lakini Globo, washindani wao, wakairusha ile klipu tena na tena na nchi ikawaka. Watu wasioingia kanisani mwaka mzima walitoka barabarani. Macedo mwenyewe ikabidi aombe radhi, von Helder akaondolewa nchini akapelekwa nje, na mahakama ikamtia hatiani kwa kudharau dini ya wengine.

Kilichonivutia ni waliokasirika. Wabrazil weusi wengi wa dini za asili za Kiafrika, candomblé na umbanda, nao waliguswa kwasababu kwao Aparecida huhusishwa na Oxum, mama wa maji ya mito. Sio mafundisho ya kanisa hayo na paroko atakukemea ukisema hivyo kwenye mahubiri, ila ndio ukweli wa mtaani. Na ukiangalia alipotoka, mtoni, unaelewa wamefikaje huko.

Mlokole Halisi

Teke sikubaliani nalo hata mimi. Kuhubiri ni kwa maneno

mtoto wa katekista

Leo ni siku ya mapatano

Dada Ukwaju

Mapapa wameenda wangapi?

Nanga Mbili

Watatu. Yohane Paulo wa pili 1980 nilishasema. Benedikto wa 16 Mei 2007, alifungua mkutano mkuu wa tano wa maaskofu wa Amerika ya Kilatini na Karibi, na kamati ya kuandika hati ya mwisho iliongozwa na kardinali wa Buenos Aires anaitwa Bergoglio. Miaka sita baadaye huyo kardinali akarudi akiwa ni papa Fransisko, 24 Julai 2013. Ukisoma ile hati ya Aparecida halafu ukasoma aliyoandika akiwa Roma unaona ni mkono uleule, na wanasema wakati inaandikwa chini ukumbini, juu yao mahujaji walikuwa wanaimba muda wote. Zaidi ya hapo kuna waridi la dhahabu, zawadi ya mapapa, wamepewa mara tatu: 1967, 2007, na 2017 kwenye miaka 300.

Fundi Selemala

Mtu akitaka kwenda anafanyaje, kuna anayejua?

Chai ya Rangi

Mimi nilisoma São Paulo. Unaenda stendi ya Tietê, mabasi ya Aparecida yapo mengi, ni kama kilomita 170 kwa barabara kuu ya Dutra inayokwenda Rio, masaa mawili na kidogo. Usiende 12 Oktoba kama hupendi msongamano, na wikiendi nazo ni vurugu, mabasi ya vijijini yanajaa parking mpaka huoni mwisho. Nenda katikati ya wiki. Utakuta watu wametembea kwa miguu siku kadhaa, wengine baiskeli, wengine farasi wamekuja kundi zima na kofia zao.

Kuiona sanamu yenyewe unapanga foleni unapita chini yake, ipo juu ukutani nyuma ya kioo, ukuta umepambwa kwa dhahabu, huna muda mrefu maana nyuma yako kuna wengine elfu. Mimi kilichonikaa ni ukumbi wa nadhiri, huko chini. Dari nzima imefunikwa picha za watu walioshukuru, halafu kuna magongo, miguu na vichwa vya nta, jezi za mpira, kofia za pikipiki zilizopasuka, magauni ya harusi. Pia ukipata muda shuka mpaka Itaguaçu mtoni, kuna wavuvi watatu wa sanamu wapo kwenye mtumbwi, na mto wenyewe ni wa kawaida sana, maji ya kahawia.

Chakula kipo kila kona. Mishumaa wanauza mirefu kama mtu, maana watu wanaweka nadhiri ya mshumaa wa urefu wao.

Fundi Selemala

Mimi nina futi sita, watanipa hasara

Kasuku wa Tanga

Mleta uzi umetisha. Tuletee na Kibeho, pale Rwanda pako karibu na watu wa Kagera wanaenda kila mwaka

Nanga Mbili

Kibeho nitaleta, ile ni kesi tofauti kabisa maana kule ni wasichana wa shule walioanza kuona toka 1981 na jimbo lilichunguza mpaka 2001 ndio likakubali. Nipeni muda nimalize kuvuna mahindi. Mlokole usikose.

Mlokole Halisi

Nitakuwepo na Biblia yangu